Sura ya Tatu: Maneno Ambayo Baba Hakuyasubiri

Mfano wa Mwana Mpotevu umehubiriwa mara nyingi mno, hata wengi wetu tunaweza kuusimulia bila kufungua Biblia. Ndiyo maana ni rahisi kulipita jambo lililo katikati yake. Yule kijana akiwa kwa nguruwe, tumbo wazi, alitunga maombi ya sehemu tatu: kwamba amekosa mbele za Mungu na mbele ya baba yake, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba afadhali apewe kazi kama mmoja wa vibarua. Alipofika nyumbani alisema mbili za kwanza. Ya tatu hakuitamka. Baba alikuwa ameshawageukia watumishi, anaagiza vazi. (Zipo nakala za kale za mkono zinazoiweka sehemu ya tatu hata pale nyumbani, lakini wataalamu wengi huona kwamba wanakili waliichukua mistari michache juu, wakidhani imeachwa kwa bahati mbaya.)

Nakaa hapo kwa makusudi. Ukielewa kwa nini baba hakuisubiri sehemu ile ya tatu, umeielewa huruma ya Mungu kama Yesu alivyoifundisha.

Kibarua alikuwa nani? Katika Israeli ya kale mtumwa alikuwa walau mtu wa nyumbani. Kibarua alikuja asubuhi, jioni akaenda zake. Torati iliagiza alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijachwa (Kumbukumbu la Torati 24:15), kwa kuwa alikuwa maskini na chakula chake kilitegemea ujira huo. Hakuwa na urithi wala nafasi mezani. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho kijana yule alikitamani: hakudaiwa shukrani na mtu. Anafanya kazi, analipwa, wamemalizana. Kijana alikuwa anatafuta njia ya kula mkate wa baba yake bila kumtazama baba usoni. Si mpango wa kipumbavu. Wakristo wengi wanaishi nao miaka nenda miaka rudi: wanafunga, wanatoa zaka, wanafagia kanisa, na moyoni wanahesabu kama ujira umetosha kufidia yale ya zamani.

Baba hakuikataa toba. Sehemu mbili za kwanza alizisikiliza. Alichokataa ni mkataba wa kazi.

Tuwe wakweli kuhusu hasara. Kwa Kumbukumbu la Torati 21:17 mzaliwa wa kwanza hupata mafungu mawili, kwa hiyo katika nyumba ya wana wawili mdogo alistahili theluthi moja, nayo baada ya baba kufa. Huyu aliidai baba akiwa hai, akaipokea, akaimaliza ugenini. Mali ile haikurudi. Mfano hausemi popote kwamba baba aligawanya upya, na kilichobaki, baba mwenyewe anasema, ni cha mkubwa. Wanaoogopa kwamba kuhubiri huruma kutawaharibu watu walitazame hilo. Matokeo ya kosa yalibaki, na kilichorudishwa ni uwana.

Na ulirudishwa hadharani. Mzee mwenye heshima zake, katika jamii ile, hakupandisha kanzu na kukimbia njiani watu wakimtazama, lakini huyu alikimbia. Alimwangukia shingoni na kumbusu kijana ambaye harufu ya nguruwe, mnyama najisi, labda ilikuwa haijamtoka. Vazi lililo bora lilifunika matambara kabla hajaoga. Pete ilikuwa alama ya mamlaka. Viatu vilikuwa alama ya mtu huru, kwani watumwa kwa kawaida walitembea peku. Kisha ndama aliyenona: nyama ile haiwezi kumalizwa na familia moja kwa usiku mmoja. Ni ya kualika kijiji, ili kesho yake asiwepo wa kumwita kijana yule kwa jina la aibu.

Luka, anayeusimulia mfano huu, alikuwa ameshaweka msingi wa jambo hili mapema. Katika sura ya 3 ya Injili yake Yesu anabatizwa, na sauti kutoka mbinguni inamtambulisha kuwa Mwana mpendwa, apendezaye. Alikuwa hajaponya mgonjwa wala kuhubiri mfano hata mmoja. Kupendwa kulitangulia kazi. Na mara tu baada ya hapo, jangwani, shetani anaushambulia uwana wenyewe: kama kweli wewe ni Mwana, thibitisha. Sauti hiyo ya pili ndiyo inayowasumbua watu usiku.

Kaka mkubwa naye aliisikia. Hakuondoka nyumbani siku hata moja, lakini anapomlalamikia baba anasema kama mtumwa: miaka yote nimekutumikia, na hata mwana-mbuzi hukunipa. Mdogo aliomba kuwa kibarua. Mkubwa alikuwa kibarua tayari, ndani ya shamba ambalo ni lake. Yesu aliwaambia haya Mafarisayo na waandishi waliokuwa wakinung'unika kwamba anakula na wenye dhambi.

Padri Mholanzi Henri Nouwen alilitambua hili kwa uchungu. Aliwahi kufundisha Yale na Harvard, vitabu vyake vikasomwa kote duniani. Mwaka 1986 alisimama kwa saa nyingi mbele ya picha ambayo Rembrandt alichora mwishoni mwa maisha yake, ya baba akimkumbatia mwana mpotevu, iliyoko katika jumba la Hermitage, St Petersburg. Alijiona ni yule mdogo aliyepiga magoti, mpaka rafiki yake mmoja akamwambia huenda yeye ni yule mkubwa aliyesimama kando. Mwaka huohuo alihamia katika jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Toronto, akapangiwa kumwogesha na kumvisha kijana asiyeweza kusema. Kwa kijana huyo, Harvard haikuwa na maana yoyote. Humo Nouwen alijifunza kupendwa bila cheti, na mwaka 1992 kikatoka kitabu chake kuhusu picha hiyo.

Sasa njoo kwetu. Makanisa yetu mengi yana utaratibu wa kumrudisha kundini aliyetengwa. Mara nyingi ni binti aliyebeba mimba kabla ya ndoa, na aliyempa mimba ameketi benchi la tatu, au hayumo kabisa. Binti anasimama mbele, kichwa chini, kosa lake linasomwa, anaombewa. Halafu kwa miezi anaketi nyuma, haimbi kwaya, hapewi kazi, na watu wanasema ndiyo kwanza anajirekebisha. Huo ni ukibarua. Tumemrudisha shambani na kumnyima nyumba.

Mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa jumuiya unayesoma sura hii: atakapokuja mwingine, msikilize anapotubu, na umtafute yule kijana wa benchi la tatu pia. Lakini aliyetubu akianza kuomba apewe nafasi ya chini, usimwache amalize. Mrudishe kwenye kwaya na kwenye meza ya Bwana Jumapili hiyohiyo, na utangulie wewe kumpa mkono, kanisa zima likiona.