Studio: butoni tatu za mikro ambazo ordinatere haiwezi kurekebisha kazi yake

Katika studio nyingi ndogo za Goma na Bukavu, saa inalipwa, wimbo utoke vizuri ao vibaya. Korale ikifika na watu ishirini, wengine wametoka mbali, hakuna anayependa kuambiwa kesho yake kwamba sauti imepasuka na lazima kurudia. Lawama huangukia ordinatere ao fundi. Mara nyingine kosa lilifanyika mapema zaidi, kwenye butoni ndogo za mikro ambazo hazijaguswa tangu mikro ilipotolewa kwenye katoni.

Mikro za kawaida za jukwaani hazina butoni hizo. Zinapatikana kwenye baadhi ya mikro kubwa za studio, zile zinazohitaji umeme wa volti 48. Tuchukue mfano wa Rode NT2-A, ambayo ina butoni tatu.

Ya kwanza inaamua mikro isikilize upande gani. Alama ya moyo maana yake inasikia mbele na kuacha sehemu kubwa ya sauti za nyuma. Alama ya duara: inasikia pande zote. Alama ya 8: inasikia mbele na nyuma, na pembeni inakuwa karibu kiziwi. Duara linavutia kwa korale iliyosimama kuzunguka mikro, lakini litakusanya pia mvua juu ya bati na pikipiki za barabarani. Kama chumba si kizuri, bakia kwenye moyo. Alama ya 8 inafaa waimbaji wawili wanaotazamana, mmoja kila upande.

Kuna jambo moja ambalo waimbaji wetu wanalisahau. Kwenye moyo, kadiri mdomo unavyokaribia mikro, ndivyo sauti inavyokuwa nzito. Wengine wanapenda uzito huo. Kwenye wimbo wa maneno mengi, maneno yanazama. Kwenye duara uzito huo hautokei.

Butoni ya pili ni filta. Inapunguza sauti za chini sana: hatua za miguu, meza inayotikisika, upepo wa pumzi, mngurumo wa lori. Kwenye NT2-A unaweza kuiweka kwenye hezi 40 ao 80, ao kuiacha wazi. Kwa sauti ya mwanamke, 80 haina hatari. Kwa ngoma kubwa ao gitaa la besi, iache wazi, kwa sababu utakuwa unakata chakula chenyewe. Na jenereta? Filta inasaidia kidogo tu. Umeme wetu ni wa hezi 50, lakini mvumo wake unapanda pia kwenye 100 na 150, fasi ambayo filta haifiki. Dawa ni kusogeza jenereta mbali na kuangalia kamba za umeme.

Butoni ya tatu, padi, ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Inapunguza nguvu ya sauti ndani ya mikro, desibeli 5 ao 10. Kwa desibeli 10, volti zinazobaki ni karibu theluthi moja. Mtu atauliza: si tushushe tu sauti kwenye meza? Hapana. Tarumbeta ikipigwa karibu, ao ngoma, sauti inaweza kupasuka ndani ya mikro kabla ya kufika kwenye kamba. Ukishusha mezani, unapata sauti iliyopasuka, lakini ndogo. Alama ya kuitambua ni hii: taa nyekundu haiwaki popote, na bado sauti inakwaruza.

Basi kwa nini tusiache padi siku zote? Kwa sababu mwimbaji wa sauti ya chini atakulazimisha kupandisha nguvu mezani, na pamoja naye utapandisha ule mvumo wa mikro unaofanana na mvua ya mbali.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi fanfari, omba wapige kwanza sehemu yao yenye nguvu zaidi, si ile ya mwanzo. Sikiliza kwa vifaa vya masikioni, kisha amua. Na kabla ya kugeuza butoni yoyote, shusha sauti ya spika: mikro inaweza kutoa mlipuko mdogo unaoumiza masikio, hata spika zenyewe.