KUCHAGUA MAHALI PA KUOGA MAJI MOTO

Watu wengi wa hapa Sokon I wasikiapo neno "maji moto" hufikiri juu ya sufuria na mkaa tu. Walakini yako maji yatokayo ardhini yakiwa yamekwisha pata moto, wala hapana mtu aliyeyawashia jiko. Kazi hiyo hufanyika hivi. Mvua inyeshapo milimani, sehemu ya maji hupenya katika nyufa za miamba na kushuka chini sana. Kwa kawaida, kila kilomita moja ya kwenda chini, joto la ardhi huzidi kwa nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi. Katika Bonde la Ufa joto huzidi upesi zaidi, maana huko miamba iliyoyeyuka i karibu na uso wa nchi. Basi maji hupashwa moto, hujaa chumvi za mawe, kisha hupanda tena kwa nyufa nyingine na kutokea kama chemchemi. Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru, uliotoa moto mara ya mwisho mwaka 1910, hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili.

Nalianza kuyachunguza haya kwa ajili ya Bibi. Magoti yake humwuma sana miezi ya Juni na Julai, hata kushuka vidaraja vya mlangoni humpa taabu. Jamaa walikubaliana kumpeleka akaoge maji ya moto na kulala huko siku mbili, na fedha iliyochangwa ilitosha safari moja tu. Kwa kuwa mimi nasoma jiografia, Baba aliniagiza nitafute habari za kila mahali, nimletee shauri.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa chemchemi za kutazama ni mbali, na za kuoga ni mbali. Wajapani, ambao ni mabingwa wa mambo haya, wamezitenga waziwazi. Katika kisiwa cha Kyushu uko mji uitwao Beppu, wenye chemchemi zaidi ya 2,000. Baadhi yake wameziita "jehanamu" katika lugha yao, kwa kuwa maji yake hukaribia kuchemka. Mojawapo ni ya rangi ya buluu kama bahari, na nyingine ni nyekundu kwa udongo wenye chuma. Hizo mgeni hulipa kiingilio, akatazama, akaenda zake. Kuoga ni katika nyumba za wageni na mabafu ya watu wote, ambayo maji yake yametulizwa hata kufika nyuzi 40 au zaidi kidogo.

Kwetu "jehanamu" iliyo karibu ni Maji Moto ya Ziwa Manyara. Yamo ndani ya hifadhi ya taifa, upande wa kusini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na joto lake hufika nyuzi 60 na zaidi. Maji ya namna hiyo huunguza ngozi mara moja. Wageni hutembea juu ya njia ya mbao, huona mvuke na ndege, kisha hurudi garini. Ni mahali pazuri pa kuwapeleka wanafunzi, na raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje. Lakini kwa magoti ya mzee hapafai kitu.

Mahali pa pili ni Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao lava yake ni ya magadi na hutoka nyeusi kama matope. Chemchemi za moto zipo kandokando ya ziwa lile, ambako heroe wadogo huja kutaga mayai. Kambi za kulala zipo, na korongo lenye maporomoko ya maji wanamooga wasafiri lipo pia. Tena njiani utapita Engaruka, penye magofu ya mashamba ya kale yaliyonyweshwa kwa mifereji. Mimi kwa nafsi yangu ningekwenda huko kesho. Lakini njia kutoka Mto wa Mbu ni ya vumbi na mawe, jua ni kali mno, na kulifikia lile poromoko yapasa kuvuka maji na kupanda mawe yanayoteleza. Nilipomsimulia Bibi, alicheka akasema, "Mjukuu wangu, wataka kuniponya au kunizika?" Nikafuta Ngare Sero katika karatasi yangu.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, wana mahali pawili panaposifiwa sana. Katika Ziwa Bogoria maji huchemka na kuruka juu. Yafaa mwanafunzi akumbuke kuwa huko, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama yanavyochemka hapa Arusha kwenye nyuzi 95 hivi. Nje ya hifadhi ile iko hoteli yenye bwawa la maji ya uvuguvugu. Pa pili ni Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme tangu 1981. Maji yatokayo visimani pamoja na mvuke huo hupozwa, na watu wamejengewa bwawa la kuogea. Kwa mtu mwenye nafasi, Olkaria ndipo panapokaribia desturi ya Kijapani kuliko pengine pote niliposoma habari zake. Sisi tulizuiwa na nauli, na hati ya kusafiria ambayo Bibi hana.

Palibaki Chemka, ambapo wengine hupaita Kikuletwa, katika Wilaya ya Hai. Waenda kwa gari la Moshi, washuka Boma Ng'ombe, kisha wachukua bajaji au pikipiki kuelekea kusini kwa njia ya vumbi katika nchi kavu. Ghafula waona miti mikubwa ya mikuyu na minazi ya porini, na katikati yake maji safi ya buluu, ambayo waweza kuona mawe ya chini. Samaki wadogo huja kukudonoadonoa miguu. Maji hayo huingia Mto Kikuletwa, ambao hufika Bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo huwa Mto Pangani.

Lakini hapa pana jambo ambalo wasafiri wengi huambiwa nusu yake. Ingawa mahali hapa huitwa maji moto, maji yake si ya moto. Ni ya uvuguvugu tu, chini ya joto la mwili, na asubuhi waweza hata kutetemeka. Hapana udanganyifu mkubwa hapo: hata sheria ya Japani ya mwaka 1948 huhesabu maji yaliyofika nyuzi 25 yatokapo ardhini kuwa chemchemi ya moto. Ila mtu anayetafuta joto la kutuliza magoti na aambiwe kweli kabla hajatoa nauli.

Nilikwenda kumwuliza mganga wa zahanati juu ya magoti. Alisema joto la maji hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda, wala haliuponyi ugonjwa wa viungo. Na joto hilo halijui kama limetoka ardhini au jikoni. Beseni la maji ya nyuzi 38 hadi 40 kila jioni, kwa dakika 15, litamsaidia Bibi kuliko safari moja kwa mwaka. Kama hapana kipimajoto, pima kwa kiwiko, kama mama apimavyo maji ya kumwogesha mtoto. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, na mama mja mzito, wasikae katika maji ya moto bila shauri la daktari.

Akanionya pia juu ya kunywa. Watu wengine huyachota maji ya chemchemi za moto wakayanywa kama dawa. Katika sehemu zetu hizi ni hatari, maana miamba ya Meru na Kilimanjaro hutia floridi nyingi majini. Shirika la Afya Duniani lataka isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi sana, meno ya watoto hugeuka kahawia, kama tuonavyo kwa wenzetu wengi darasani, na kwa miaka mingi hata mifupa huharibika na miguu kupinda. Ingekuwa ajabu kumpeleka mzee akaponye magoti, kisha anywe kitu kinachoharibu mifupa.

Nilimpa Baba shauri hili: beseni liwe dawa ya kila siku, na Chemka iwe matembezi. Bibi alikubali upesi, kwa kuwa hamu yake hasa ilikuwa kuona maji yanayotoka ardhini bila pampu. Tutakwenda Jumanne, kwa sababu siku za mwisho wa juma vijana hujaa, muziki hupigwa, wanaume na wanawake huogelea pamoja, na mama mtu mzima haoni pa kuketi kwa heshima. Wajapani wana bafu la jamaa, ambalo hukodishwa kwa saa na mlango hufungwa. Sisi yatupasa kuitafuta saa yenye watu wachache.

Juu ya kulala, ziko kambi na nyumba ndogo za wageni karibu na chemchemi, na nyingine Boma Ng'ombe. Kabla ya kulipa nimeuliza kwa simu: choo ni cha kukalia au cha kuchuchumaa? Kutoka kitandani hata majini ni hatua ngapi, na je, pana vidaraja? Pana mahali pa kubadili nguo? Kiingilio ni cha siku moja au ni cha kila unapoingia? Nyumba moja ilijibu yote bila kuona uzito, nayo ndiyo tuliyoichagua.

Maji yale yana vina virefu, na kamba ya kurukia huwavuta wasiojua kuogelea; ndugu zangu wadogo watabaki ukingoni pamoja na Baba. Twachukua ndoo ya maji ya kunywa kutoka nyumbani, chupa ya chai, mkeka, kanga mbili za Bibi, na kiti chake kifupi, akiweke kwenye maji haba atie miguu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu