Mguu Kifundo: Mtoto Aliyezaliwa na Mguu wa Kupinda Hutembea Sawasawa Akitibiwa Mapema

Juma lililopita tulizungumzia vidole vinavyochubuka na kuwasha kwa sababu ya gambuti zenye unyevu. Leo tunaendelea na miguu, lakini ya mtoto mchanga, yule ambaye hata kiatu hajavaa.

Mama amejifungua. Mtoto amelia vizuri na uzito wake ni mzuri. Akimfunua kumtazama, anaona unyayo mmoja, au zote mbili, umegeukia ndani. Vidole vinaelekea mguu wa pili, kisigino kimevutwa juu, na unyayo unatazama upande badala ya kutazama chini. Akijaribu kuunyoosha kwa mkono, unarudi palepale. Huo ndio mguu kifundo.

Mama, jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni hili: mguu huu unatibika, na kwa watoto wengi hauhitaji upasuaji mkubwa. Jambo la pili ni kwamba sehemu ndefu ya matibabu haifanyiki hospitalini. Inafanyika nyumbani kwako, usiku, mtoto akiwa amelala. Tutaeleza kwa nini.

Ni nini hasa kimetokea?

Mguu kifundo hutokea kwa karibu mtoto 1 kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Wavulana hupatwa takriban mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao huwa nao miguu yote miwili. Mtoto angali tumboni, kano za nyuma na za upande wa ndani wa mguu hukaza na kuwa fupi. Kano hizo huvuta mifupa midogo ya unyayo ikakaa vibaya. Mifupa yenyewe ipo yote, ila imevutwa.

Wataalamu hawajapata sababu moja ya jambo hili. Wakati mwingine huonekana katika ukoo mmoja zaidi ya mara moja. Lakini tunajua yasiyosababisha. Si laana. Si kwa sababu mama alichuma majani chai akiwa na mimba, wala si sindano ya kupanga uzazi. Si kwa sababu alimcheka mlemavu. Baba, tafadhali, mke wako asilaumiwe kwa jambo hili. Mama anayelaumiwa humficha mtoto, na mtoto aliyefichwa huchelewa kutibiwa.

Kuna pia watoto ambao mguu umejikunja tu kwa sababu ya kubanwa tumboni. Huo ni laini. Ukiusukuma kwa kidole taratibu, unanyooka. Mguu kifundo ni mgumu, haunyooki. Lakini usijiamulie mwenyewe. Mwonyeshe muuguzi kabla ya kutoka hospitalini, au katika kliniki ya kwanza ya chanjo. Atamchunguza pia mgongo na nyonga.

Ukiachwa bila kutibiwa huwaje?

Mtoto anapoanza kutembea hukanyaga kwa ubavu wa unyayo, au hata kwa juu ya mguu. Ngozi hapo huwa sugu, halafu hupasuka na kutoa vidonda. Kiatu cha kawaida hakimwingii. Fikiria mtoto huyo akienda shule kwenye vilima vyetu vya Konoin au Bureti, njia imelowa na inateleza. Mara nyingi huanza shule akiwa amechelewa, au haendi kabisa. Mguu huo hauachi wenyewe kwa kukua.

Kukanda kwa mafuta, kuvuta kwa nguvu au kufunga vijiti hakunyooshi mguu huu. Mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini na kuvuta kwa nguvu kunaweza kuiumiza. Kogo, mikono yako tunaihitaji sana, na nitasema mbele kidogo ni kwa kazi gani.

Nani anayetibu?

Katika nchi kama Uingereza na Marekani kuna wataalamu wa nyayo peke yake, waitwao mapodiatri. Huku kwetu ni wachache sana. Kazi hii hufanywa na afisa wa kliniki wa mifupa, fundi wa plasta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na daktari wa upasuaji wa mifupa. Anzia kwenye zahanati iliyo karibu nawe, upewe barua. Kutoka hapo unaweza kutumwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, au Longisa, au Tenwek kule Bomet. Kesi ngumu zaidi huweza kupelekwa hospitali ya watoto ya CURE huko Kijabe, iliyofunguliwa mwaka 1998. Kabla ya kusafiri, uliza kliniki ya miguu ya watoto hufanyika siku gani, usije ukapoteza nauli.

Matibabu yanafanywaje?

Njia inayotumika leo karibu dunia nzima iliitwa kwa jina la daktari Ignacio Ponseti. Alizaliwa Hispania tarehe 3 Juni 1914 na akafanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mpaka alipofariki mwaka 2009. Zamani watoto wengi walifanyiwa upasuaji mkubwa. Ponseti aliona kwamba miguu iliyopasuliwa hivyo ilikuwa migumu na yenye maumivu mtoto alipokuwa mtu mzima. Akatengeneza njia ya upole, yenye hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni plasta. Mhudumu huunyoosha mguu kidogo kwa vidole vyake, bila kumwumiza mtoto, halafu huufunga plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya siku 5 hadi 7 plasta hutolewa, mguu hunyooshwa kidogo tena, na plasta mpya hufungwa. Watoto wengi huhitaji plasta 5 hadi 7. Ni vizuri kuanza katika majuma ya kwanza ya maisha, kwa kuwa kano za mtoto mchanga hunyooka upesi.

Hatua ya pili ni ukano wa kisigino. Kwa watoto wengi, baada ya plasta unyayo umegeuka vizuri lakini kisigino bado kimevutwa juu. Daktari humchoma mtoto sindano ya ganzi na kuukata ukano huo kwa kitobo kidogo. Halafu hufungwa plasta ya mwisho inayokaa majuma 3. Akina mama wengi huogopa hapa. Usiogope. Katika majuma hayo 3 ukano huota tena na kuungana, ukiwa mrefu kuliko mwanzo.

Hatua ya tatu ni viatu vya chuma, yaani viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau wa chuma na kugeuzwa kuelekea nje. Jirani zetu wa Uganda walifanya kazi kubwa hapa. Mtaalamu aitwaye Michiel Steenbeek alibuni huko viatu vya ngozi na chuma vinavyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapa kwetu, bila kuagiza kutoka ng'ambo.

Kutunza plasta nyumbani

Plasta isilowe. Mpanguse mtoto kwa kitambaa chenye maji, usimtie kwenye beseni. Hapa kwetu mvua hunyesha alasiri bila kubisha hodi, basi ukisafiri mfunike kwa koti la mvua.

Tazama vidole kila unapomnyonyesha. Bonyeza kimoja: kinakuwa cheupe, halafu rangi yake inarudi upesi. Rudi hospitalini siku hiyohiyo, usingoje siku ya kliniki, ukiona vidole ni baridi, vimevimba au vimebadilika rangi. Ukiona vimezama ndani ya plasta. Plasta ikinuka au kulowa. Au mtoto akilia bila kunyamaza.

Viatu vya chuma: hapa ndipo kazi ilipo

Mama, sikiliza hapa kwa makini. Plasta ya mwisho ikitolewa, mguu unaonekana mzuri kabisa. Majirani wanakuja kuutazama. Na hapo ndipo familia nyingi husema, "Amepona, mwacheni apumzike na hayo machuma." Mguu hauna haraka, unarudi kidogo kidogo. Mama mmoja wa eneo hili aliviweka viatu chini ya kitanda baada ya miezi minne, kwa kuwa mtoto alikuwa akilia usiku. Mtoto alipofika miaka miwili, unyayo ulikuwa umegeukia ndani tena, na ikabidi plasta zianze upya. Sababu kubwa ya mguu kurudi ni kuacha viatu mapema.

Ratiba ni hii. Kwa miezi 3 ya kwanza, mtoto huvaa viatu saa 23 kwa siku. Ile saa moja ni ya kuoga na kurusha miguu. Baada ya hapo, huvaa usiku na katika usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka afikishe miaka 4 au 5. Mchana anapokuwa macho, anatambaa na kucheza kama wenzake.

Siku mbili tatu za mwanzo atalia. Halii kwa maumivu. Analia kwa kuwa hajazoea miguu kwenda pamoja. Cheza naye: shika upau, ukunje magoti yote mawili, uyanyooshe. Atajifunza kupiga teke kwa miguu yote miwili. Mvalishe soksi nyembamba za pamba. Hakikisha kisigino kimekaa chini kabisa ndani ya kiatu, kisha kaza kamba vizuri. Malengelenge mara nyingi hutokea kwa sababu kiatu kimelegea na mguu unasugua. Usipake mafuta mahali palipochubuka, mpeleke kliniki. Vidole vikipita ukingo wa kiatu, omba saizi kubwa zaidi.

Najua shida ya kubeba. Kumfunga mgongoni miguu ikizunguka kiuno chako hakuwezekani chuma kikiwa katikati, na kazi ya chai haingoji. Mbebe mbele kwa leso, miguu yote ikiwa upande mmoja. Na ikiwezekana, katika ile miezi 3 abaki nyumbani na kogo wakati unapokwenda kuchuma. Kogo, hii ndiyo kazi ya mikono yako: kuvilinda viatu visivuliwe.

Maswali tunayoulizwa sana

Je, atachelewa kutembea? Wengi hutembea karibu na umri wa wenzao.

Mtoto wangu ana miaka mitatu na hakutibiwa. Nimechelewa? Hapana. Njia hii husaidia hata watoto ambao tayari wanatembea, ila plasta huweza kuwa nyingi zaidi. Mlete. Hata mkubwa kuliko huyo, mlete aonwe.

Nauli ya kila juma nitaitoa wapi? Swali hili ni la kweli, na wengi hukatikia hapo. Kaeni na baba mtoto kabla ya kuanza, mhesabu safari 7 hadi 9 za mwanzo, mpange kama mnavyopanga karo. Mwandikishe mtoto katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa. Ukikwama, waambie kliniki, au uliza kama kuna afisa wa huduma za jamii. Usinyamaze ukapotea. Ukikosa juma moja, piga simu au uende juma linalofuata. Usiache moja kwa moja kwa kuona haya.

Ya kukumbuka

1. Mtazame mtoto miguu siku anapozaliwa. Ukiona imepinda, sema.
2. Mguu kifundo si laana na si kosa la mama.
3. Plasta hubadilishwa kila juma. Mara nyingi ni 5 hadi 7.
4. Vidole baridi, vilivyovimba au kubadilika rangi: hospitali siku hiyohiyo.
5. Viatu vya chuma saa 23 kwa miezi 3, kisha usiku mpaka miaka 4 au 5, hata kama mguu unaonekana umepona.

Kama unamjua mtoto kijijini kwenu anayefichwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya miguu yake, nenda ukamsalimie mama yake leo jioni, umwambie uliyoyasikia. Mkitaka, nendeni pamoja zahanati kesho asubuhi.

Juma lijalo tutazungumzia funza na namna ya kuwatoa bila kumwambukiza mtoto.