Ada ya chuo kikuu: mkopo, ufadhili na pengo la mzazi

Msimu mkubwa wa machungwa ya Muheza huangukia katikati ya mwaka. Ni wakati huo huo ambapo matokeo ya kidato cha sita hutoka na maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupokelewa. Mkulima mwenye mtoto aliyefaulu huingia sokoni na haraka zake, na madalali wanalijua hilo. Wapo wanaouza matunda yangali mtini kwa bei ya kutupa ili fedha ya chuo ipatikane mapema, kabla hata ya kujua watadaiwa kiasi gani.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilibeba karibu gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu. Utaratibu wa kuchangia ulianza mwaka 1992. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Bodi haitoi fedha kwa mkupuo mmoja wala haimpi kila mtu sawa. Hupima uwezo wa familia, kisha hugawa kwa vipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Ada hupelekwa chuoni. Fedha ya kujikimu, maarufu kwa wanafunzi kama bumu, humfikia mwanafunzi mwenyewe. Mwaka 2022/23 ilipandishwa kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku.

Kando ya mkopo upo ufadhili usiorudishwa. Samia Scholarship, ulioanza mwaka 2022/23, huwalipia waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Benki Kuu nayo ina mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ulioanzishwa mwaka 2009. Fungu la chuo chenyewe ndilo jembamba. Marekani mwanafunzi wa familia maskini huweza kupata ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ya jimbo lake na ya chuo kwa pamoja, na chuo huja mwisho kuziba pengo. Hapa nchini pengo hilo huzibwa na mzazi.

Wengi hupotea katika hesabu ya kujumlisha. Mwenye ufadhili kamili hapewi mkopo juu yake, kwa hiyo anayedhani atachukua vyote viwili na kubaki na akiba anajidanganya. Mwenye ufadhili wa sehemu tu anaweza kuomba mkopo.

Chukulia ada ni Sh. 1,300,000 kwa mwaka, na Bodi imempangia mwanafunzi asilimia 60 ya ada. Hiyo ni Sh. 780,000, na pengo ni Sh. 520,000. Mfadhili akitoa Sh. 300,000 kwa ajili ya ada, mzazi hubakiwa na Sh. 220,000. Ni fedha nyingi kwa mkulima, lakini si sawa na kuuza shamba zima la matunda mabichi kwa hofu ya milioni nzima. Tena vyuo vingi hupokea ada kwa awamu. Kinachobana zaidi ni siku za kwanza: nauli ya kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, chumba na chakula kabla bumu halijaingia.

Mkopo ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka umalizike. Nafuu ilipatikana mwaka 2021, ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha.

Kiasi cha mkopo hutegemea sana karatasi. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, lazima vihakikiwe na RITA. Yatima ambaye baba yake alifia kijijini Pangani na kuzikwa bila cheti hawezi kuithibitishia Bodi hali yake, japo mtaa mzima ulishiriki mazishi. Kufuatilia cheti hicho kwa mkuu wa wilaya kunahitaji muda, na familia nyingi hukumbuka wakati maombi yanakaribia kufungwa.