Mkasi Badala ya Baridi: Utangulizi wa Sayansi ya Mzabibu na Divai kwa Msomaji wa Katanga

Kama unaishi Lubumbashi, huenda umezoea kuiona divai kama kitu cha mbali: chupa iliyotoka Afrika Kusini au Ulaya na kufunguliwa siku ya harusi, au kikombe cha padri altareni. Mzabibu wenyewe pengine hujawahi kuugusa, na una haki ya kuuliza somo hili linakuhusu nini. Linakuhusu kuliko unavyodhani, na kabla hatujamaliza tutafika hata kwenye shaba. Si lazima uwe mkemia, wala si lazima unywe divai. Mahesabu yaliyomo ni ya kujumlisha, kutoa na kugawanya tu.

Tuanze na mmea. Karibu divai yote duniani hutokana na spishi moja ya mzabibu, Vitis vinifera. Majina unayoyasoma kwenye lebo, kama Cabernet Sauvignon, Syrah au Chenin Blanc, ni aina zilizomo ndani ya spishi hiyo hiyo. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Kazi hiyo wataalamu huiita usanisinuru. Punje changa ni ngumu, ya kijani, chachu kwa ukali wa asidi. Hukaa hivyo kwa wiki kadhaa, kisha hulainika ghafla, na zile za aina nyekundu huanza kushika rangi. Kipindi hicho huitwa kugeuka, na ndicho mtafiti hukingoja kwa hamu, kwa sababu kuanzia hapo sukari hupanda na asidi hushuka.

Kumbuka asidi mbili. Ya kwanza ni asidi ya tartari, ambayo haiyumbi sana. Ya pili ni asidi ya mali, ileile iliyomo kwenye tufaha, na hii mmea huitumia kama kuni: joto likiwa kali, hasa usiku, huisha upesi. Sukari nayo hupimwa kwa nyuzi za Brix, yaani gramu za sukari katika gramu 100 za maji ya zabibu, kwa kukadiria. Mtafiti huminya punje, hudondosha tone moja kwenye kioo cha refraktomita, chombo kidogo kinachotumia namna mwanga unavyopinda ndani ya maji matamu, kisha husoma namba. Zabibu za divai huvunwa mara nyingi zikiwa kati ya nyuzi 20 na 25.

Hapa wanafunzi wengi huuliza: kama sukari ndiyo inayozaa kileo, kwa nini tusingoje izidi kabisa? Kwa sababu asidi haitatungoja. Ukichelewa utapata divai nzito isiyo na uhai mdomoni, tena inayoharibika kwa urahisi. Ukiwahi, utapata kali na nyembamba. Sehemu kubwa ya utafiti wa ubora inahusu kuzikutanisha sukari na asidi siku moja, pamoja na rangi na tanini, yaani zile kemikali za kukausha ulimi zinazotoka kwenye ganda na mbegu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka, kwa kuwa kwao si tatizo. Kule mzabibu hupukutisha majani, hulala wakati wa baridi, na huamka majira ya kuchipua yanapofika. Kalenda imeandikwa na hali ya hewa. Kwetu baridi ya namna hiyo haipo. Mzabibu ukiachwa hutambaa mwaka mzima, kijiti hiki kina maua na kile kina zabibu mbivu, na mavuno hayakusanyiki. Nani basi atauambia mmea kwamba mwaka umeanza?

Jibu liko Dodoma, katikati ya Tanzania, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu huko Bihawana kwa ajili ya divai ya misa, na leo zabibu ni zao la wakulima wengi wa maeneo kama Hombolo na Mpunguzi. Kituo cha utafiti cha Makutupora, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, hushughulika na zao hilo. Mkulima wa Dodoma huuambia mmea kwa mkasi. Anapopogoa, yaani anapokata vijiti na kubakiza macho machache ya kuchipulia, mzabibu huchipua upya, hutoa maua na kuzaa. Kwa njia hiyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka: mwezi wa 2 au wa 3, na tena mwezi wa 8 au wa 9. Mavuno ya wakati wa mvua hukumbwa na ukungu, na maji mengi huipunguza sukari. Yale ya kiangazi huwa matamu na safi zaidi. Shamba ni lilelile na mmea ni uleule. Kilichobadilika ni tarehe ya mkasi.

Ukielewa hilo, umeshika msingi wa sayansi ya mzabibu katika nchi za joto. Kuchagua siku ya kupogoa ni kuchagua hali ya hewa itakayozikuta zabibu zikiiva. Mengine yote, pamoja na sifa za mapipa na mapishi ya siri, naona yanafuata nyuma.

Lakini kuna jambo lililofichika ndani ya jicho. Chukua kijiti kilichokomaa, pasua jicho lake kwa wembe mkali, ulitazame kwa darubini. Utaona majani madogo yaliyokunjwa, na pembeni mwake vichala vidogo mno, tayari vimeanza kuumbika. Hivyo ni vichala vya mzunguko ujao. Viliumbwa wakati zabibu za sasa zilikuwa bado zinakua, na wingi wake ulitegemea mwanga ulioingia katikati ya majani. Mkulima aliyeacha majani yasongamane msimu huu atashangaa msimu ujao atakapopogoa vizuri na kupata majani matupu. Anapotafuta kosa la mwaka huu, kosa ni la msimu uliopita.

Turudi nyumbani. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Mvua huanza karibu na mwezi wa 11 na kwisha mwezi wa 4, na jumla yake kwa mwaka ni takriban milimita 1,200, maradufu ya Dodoma. Kiangazi chake ni kikavu kweli, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 huwa wa baridi inayowafanya watu watoe makoti kabatini. Joto kali huja mwezi wa 10, kabla ya mvua za kwanza.

Mwaka 1944 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Albert Winkler na Maynard Amerine, walieneza kipimo tunachokiita nyuzi-siku. Mzabibu haukui kwa maana yoyote chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo chukua wastani wa joto la siku, toa 10, jumlisha siku hadi siku. Tuseme siku moja ya mwezi wa 7 Lubumbashi imekuwa na nyuzi 8 alfajiri na 26 mchana: wastani ni 17, ukitoa 10 zinabaki 7. Siku ya mwezi wa 9 yenye nyuzi 14 na 32 ina wastani wa 23, nayo inatoa 13. Maana yake siku hiyo moja inausogeza mzabibu karibu mara mbili ya ile ya mwezi wa 7. Sasa unaona kwa nini kalenda ya Dodoma haiwezi kunakiliwa hapa kama ilivyo.

Jaribu kufikiri kama mtafiti. Toka kupogoa hadi kuvuna hupita miezi minne au mitano, kutegemea aina na joto. Ukipogoa mwezi wa 7, zabibu zitaiva mvua zikiwa zimeingia, ukungu utasherehekea. Ukipogoa mwezi wa 3, maua yatakuja mvua zikipungua, punje zitakua polepole kwenye baridi, kisha, kwa kucheleweshwa na baridi hiyo, zitaiva mwezi wa 8 na wa 9, mchana wa jua na usiku ungali baridi kidogo, asidi ya mali isiishe haraka. Kwenye karatasi pendekezo hili linapendeza. Wataalamu huliita nadharia tete, yaani dhana inayongoja kupimwa. Kulipima hakutaki mzabibu mmoja wa uani uliostawi kando ya bomba linalovuja. Kunataka vitalu kadhaa kwa kila tarehe ya kupogoa, vilivyotawanywa shambani kwa kupiga kura, ili rutuba ya kona moja isije ikadhaniwa kuwa ni ubora wa tarehe. Kunataka pia maji ya umwagiliaji, maana kiangazi cha Katanga hakitoi tone. Maji hayo ni usukani: ukiyapunguza kwa kiasi wakati wa kugeuka, matawi huacha kurefuka na punje hubaki ndogo, zenye ganda jingi kwa kila lita ya maji yake.

Nilikuahidi shaba. Katika miaka ya 1880, Pierre-Marie-Alexis Millardet, mtaalamu wa mimea wa Bordeaux, aliona kwamba mizabibu iliyo kando ya barabara huko Médoc ilikuwa na majani mazima ilhali ya katikati ya shamba ilikuwa imekaushwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaotanda chini ya majani. Wakulima walikuwa wameinyunyizia ile ya kando mrututu na chokaa, si kwa ajili ya ugonjwa, bali ili wapita njia waone rangi ile ya buluu na waogope kudokoa. Mwaka 1885 Millardet alitangaza dawa hiyo, na hadi leo huitwa mchanganyiko wa Bordeaux. Mrututu ni salfeti ya shaba. Shida yake ni kwamba shaba haiozi. Hurundikana kwenye udongo wa juu mwaka baada ya mwaka, na Umoja wa Ulaya sasa umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7.

Lubumbashi haikuhitaji mizabibu ili ipate shaba ardhini. Mtambo wa kuyeyushia madini ulianza kazi mwaka 1911, na moshi wake uliangusha vumbi la shaba kwenye maeneo kama Penga Penga, ambako watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha nyasi zinazostahimili sumu hiyo. Anayetaka kupanda mzabibu hapa hana budi kuupima udongo kabla ya kununua mche. Apime kiasi cha shaba, apime na pH, kipimo cha ukali wa asidi ambamo namba ndogo ni ukali zaidi. Udongo ukiwa na asidi nyingi, shaba huyeyuka na kuichoma mizizi. Chokaa hupandisha pH na kuishika shaba isiyeyuke. Namba ya shaba peke yake, bila pH, haikuambii kitu.

Kazi ya ghalani nitaieleza kwa ufupi zaidi, kwa sababu huko mambo yanategemea kilicholetwa kutoka shambani. Unaijua munkoyo. Unga wa mahindi hauna sukari ya kutosha, hivyo mama mpishi huongeza mizizi ya mimea kama Eminia au Rhynchosia, yenye vimeng'enya, yaani protini zinazokata wanga na kuufanya sukari. Zabibu hazihitaji hatua hiyo. Sukari imo tayari. Hamira, viumbe wadogo ambao kazi yao katika divai ilielezwa na Louis Pasteur katika kitabu chake cha mwaka 1866, huila sukari na kutoa kileo, gesi ya kaboni na joto. Gramu 17 hivi za sukari kwa lita huzaa asilimia 1 ya kileo. Maji ya zabibu yenye gramu 220 kwa lita, basi, yatakupa karibu asilimia 13. Angalia lile joto: divai nyeupe ikichachuka juu ya nyuzi 20, harufu zake za matunda hutoroka na gesi, kwa hiyo katika mji ambao umeme hukatika, swali la kwanza la mwenye ghala ni namna ya kupoza. Na shaba hurudi tena hapa, kwani ikizidi kwenye maji ya zabibu hudumaza hamira.

Utauliza mwishowe: ubora wenyewe hupimwaje, si suala la ulimi wa kila mtu? Ulimi hupimika, mradi uwekewe masharti. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio ambamo waonjaji 54 walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Ndiyo maana katika utafiti glasi huandikwa namba tu, mpangilio hubadilishwa kwa kila mwonjaji, na mara nyingine glasi huwa nyeusi ili macho yasiingilie.

Kama umefika hapa na bado una hamu, usikimbilie kununua miche. Nunua kipimajoto kinachoshika joto la juu na la chini kabisa la siku. Kitundike kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, uandike namba mbili kila asubuhi kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa 3 hadi mvua zitakaporudi, ukijumlisha nyuzi-siku unavyokwenda. Chukua pia udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kumi za kiwanja chako, uuchanganye, uupeleke maabara. Ukiwa na daftari hilo na karatasi hiyo ya maabara, sura inayofuata, ya kuchagua aina na shina la chini la kubebeshea, utaisoma ukiwa na maswali yako mwenyewe.