Pampu ya Joto ni Nini, na Inamhusu Vipi Mfanyakazi?



Mara kwa mara tunaulizwa mikutanoni: hiyo pampu ya joto inayosifiwa Ulaya ni kitu gani? Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanasema huko watu wanaondoa mitambo ya mafuta na kufunga pampu hizo ili kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Hapa Kigali hatuna haja ya kupasha nyumba. Sweta na blanketi hututosha. Hata hivyo jambo hili linatuhusu sana makazini.

Pampu ya joto ni kama friji iliyogeuzwa. Weka mkono nyuma ya friji, utasikia joto. Joto hilo limetoka kwenye vyakula vilivyomo ndani. Friji haitengenezi baridi, bali inahamisha joto. Katika mabomba yake mna gesi inayozunguka. Upande mmoja gesi hufyonza joto, kisha kompresa huibana mpaka inapata moto sana, na upande wa pili hulitoa joto hilo. Pampu ya joto hufyonza joto la hewa ya nje, hata siku ya baridi, na kulitoa ndani ya nyumba. Kwa kuwa umeme unahamisha joto tu, kipimo kimoja cha umeme huweza kuleta vipimo vitatu vya joto. Hita ya kawaida huleta kimoja tu.

Mashine za ukoo huo tunazo: matangi ya kupozea maziwa, vyumba vya baridi vya maua na mboga, viyoyozi vya mahoteli. Gesi nyingi zilizomo, ziitwazo HFC, zikivuja huzidisha joto la dunia. Kilo moja ya gesi ya R-410A ina madhara sawa na kilo 2,000 hivi za hewa ya ukaa katika miaka 100.

Ndiyo sababu tarehe 15 Oktoba 2016 wajumbe wa nchi karibu 200 walikubaliana hapa hapa Kigali kupunguza gesi hizo. Mapatano hayo huitwa Marekebisho ya Kigali. Nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zilitakiwa zisizidishe matumizi kuanzia 2024, ziyapunguze kwa asilimia 10 mwaka 2029, na kwa asilimia 80 ifikapo 2045.

Maana yake ni kwamba mashine zitabadilika, na gesi pia. Propani, jamii ya gesi ya kupikia, hushika moto. Amonia huunguza macho na mapafu. Hewa ya ukaa hufanya kazi kwa presha kubwa, na ikivuja katika chumba kilichofungwa hukosesha pumzi. Fundi hawezi kuzishika gesi hizi kwa mazoea ya zamani.

Kwa hiyo kila tawi lidai mambo haya yaandikwe katika mapatano na mwajiri kabla mashine mpya hazijafungwa:

1. Mafundi wafundishwe kwa gharama ya mwajiri, katika saa za kazi.
2. Miwani, glavu, vipimo vya kugundua gesi na njia ya kupitisha hewa viwepo.
3. Gesi ya zamani ivutwe ndani ya mitungi, isifunguliwe hewani.
4. Wafanyakazi wote wa chumba cha baridi, na wasio mafundi pia, waonyeshwe mlango wa kutokea gesi ikivuja.

Viongozi wa matawi, anzeni kwa kusoma kibao kilichobandikwa kwenye mashine: jina la gesi limeandikwa hapo. Liandikeni, mlilete mkutanoni.