Siha ya Mzazi Mpya wa Peramiho

Peramiho, yapata kilomita 24 magharibi ya mji wa Songea, katika njia iendayo Mbinga na kuteremkia Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ni mahali ambapo elimu ya tiba imekaa na wenyeji kwa muda mrefu, kwa kuwa watawa Wabenediktini waliofungua misheni hapo mwaka 1898 walitumikia roho na mwili pamoja, na katika kazi yao ikakua Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, ambayo leo hutegemewa na wagonjwa na waja wazito wa sehemu nyingi za mkoa wa Ruvuma. Mwanamke aliyejifungua salama, akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani na mwanawe mikononi, aghalabu huondoka na mawaidha mengi juu ya mtoto: jinsi ya kumnyonyesha, kumkinga na baridi ya Juni na Julai, kumlaza ndani ya chandarua, na tarehe za chanjo. Juu ya mwili wake yeye mwenyewe, uliochukua mimba miezi tisa na kustahimili uchungu, hukumbuka machache. Na hayo machache husahaulika upesi afikapo nyumbani, ambako ndoo, kuni na jembe vinamngoja.

Wakazi wa miji mikubwa siku hizi husikia kwamba mzazi hodari ni yule ambaye tumbo lake limerudi bapa kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu, na kwamba njia ya kufika huko ni kukimbia, kuruka na kujinyima chakula. Shauri hilo ni dhaifu hata huko mjini, na kwa mwanamke wa Peramiho halina maana kabisa, kwani kutembea, kuinama na kubeba ndiyo maisha yake tangu utoto. Anachokikosa ni taratibu: apumzike kwanza, kisha atumie harakati nyepesi zinazoelekezwa kwenye viungo vilivyochoka, kisha kazi zake zimrudie kidogo kidogo. Kazi nzito ikitangulia hayo mawili haimjengi mzazi. Humjeruhi mahali pasipoonekana.

Mji wa mimba, ambao mara baada ya kujifungua huwa na uzito wa karibu kilo 1, hunywea siku hata siku, na ikitimia wiki ya sita huwa umekaribia kiasi chake cha zamani, chini ya gramu 100. Damu ya nifasi nayo hupungua na kukoma, na kidonda cha ndani, pale kondo la nyuma lilipobanduka, hufunga. Wazee wetu wa pwani na wa bara, ambao hawakuwa na mizani wala darubini, waliweka arobaini ya mzazi, na hesabu yao imepishana na ile ya matabibu kwa siku mbili tu. Ada hiyo naiheshimu sana, na nasikitika kuona nyumba nyingi zikiifupisha hata ikawa wiki moja, eti kwa sababu mama anaonekana mzima.

Mapumziko, hata hivyo, si kulala kutwa kucha. Mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida, asiye na homa wala kutokwa na damu kwa wingi, hufaa kuinuka na kutembea chumbani siku ile ile, kwa kuwa kulala bila harakati huifanya damu igande katika mishipa ya miguu, na bonge hilo likipanda mapafuni huua. Siku za kwanza zinatosha pumzi ndefu zinazoinua na kushusha tumbo, kuzungusha vifundo vya miguu, na matembezi mafupi uani. Aliyepasuliwa huanza vile vile kwa upole, akishikilia mto juu ya kidonda anapokohoa, wala asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka wiki sita zipite na tabibu amtazame.

Zoezi lenye faida kubwa kuliko yote halionekani kwa macho ya mtu. Chini ya fupanyonga imetandikwa misuli inayoshikilia kibofu, mji wa mimba na utumbo mkubwa kama machela inavyobeba aliyelala, na uzazi huivuta na kuilegeza. Ndiyo maana wanawake wengi baada ya kuzaa hutokwa na mkojo wakicheka, wakipiga chafya au wakijitwika mzigo. Mwaka 1948 tabibu wa Marekani aitwaye Arnold Kegel alieleza katika maandishi yake jinsi misuli hiyo inavyoweza kurudishiwa nguvu kwa kuikaza na kuilegeza, na mafundisho yake yameenea duniani kote. Mama hukaza kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, akahesabu hadi tano bila kubana pumzi, akalegeza kwa muda ule ule, na kurudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Aweza kufanya hivyo akinyonyesha, wala hahitaji chumba wala vazi maalumu. Asifanye mazoezi hayo katikati ya kukojoa, maana mazoea hayo hukiharibu kibofu.

Basi fikiri ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kichwani, ikipandishwa kilima na mwanamke ambaye misuli hiyo bado imelegea. Uzito wote hushuka hapo. Akifanya hivyo kila siku tangu wiki ya pili, na uzazi ukifuatana na uzazi, mji wa mimba waweza kushuka na kutokeza nje, maradhi ambayo kina mama wengi huyaficha kwa haya mpaka uzee.

Kuhusu mkaja, nguo ambayo wanawake wa pwani hujifunga tumboni na ambayo mikoa mingi imeipokea, ukifungwa kwa kiasi humpa mama faraja anapoinuka. Lakini ukikazwa mno husukuma mzigo chini pale pale tusipotaka, na misuli ya tumbo haipati nguvu kwa kufungwa bali kwa kutumika. Maji ya moto ya kukandwa nayo yana hatari yake, hasa juu ya mshono, na tumewahi kusikia habari za wazazi walioungua. Maji ya uvuguvugu na usafi yanatosha.

Ruvuma ni mkoa wa mahindi, tena mahindi ya ziada yanayolisha mikoa mingine, na bado ni miongoni mwa mikoa ambayo watoto wengi wamedumaa. Jambo hili lanihuzunisha kuliko mengine yote niliyoyagusa humu, kwani lina maana kwamba tumbo laweza kujaa ugali na mwili ukabaki na njaa. Anayenyonyesha huhitaji nyongeza ya nishati ya karibu kalori 500 kwa siku, nayo haifai itoke katika ugali mtupu. Maharagwe yanalimwa, karanga na soya zinalimwa, parachichi huanguka chini ya mti, na usipa wa Ziwa Nyasa huja hadi sokoni; mboga za majani na yai likipatikana hukamilisha sahani. Soya ipikwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa kuwa uji. Togwa ni kinywaji chema, lakini ulanzi na pombe nyingine hupita katika maziwa na kumfikia mtoto, na dhana ya kwamba pombe huongeza maziwa haina msingi. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa mama kliniki aendelee navyo kama alivyoelekezwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, tena humkataza kurudi kazini kabla ya wiki sita bila idhini ya tabibu. Muuguzi na mwalimu wa Peramiho wanaijua haki hiyo. Jirani yao mkulima hana mwajiri wa kumdai, na mtoto wake akizaliwa Desemba, mvua zikiwa zimeanza na shamba likitaka kupandwa, likizo yake haina mtoaji isipokuwa mumewe, mama mkwe na mawifi. Mume ateke maji. Apakie ndoo kwenye baiskeli, wala asione aibu. Anayemcheka hajui gharama ya kumpeleka mke hospitali.

Wiki sita zikipita na afya ikiwa njema, mwendo wa haraka wa nusu saa kwa siku tano unatimiza zile dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani huzipendekeza, na safari ya kwenda kanisani au sokoni imo katika hesabu hiyo. Mazoezi ya kadiri hayaharibu maziwa.

Huzuni ya siku za mwanzo, machozi yasiyo na sababu, hupita yenyewe. Ikizidi wiki mbili, au mama akakosa hamu ya chakula na ya mtoto wake, huo ni ugonjwa unaotibika, usimwite mvivu. Damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, homa, harufu mbaya ya nifasi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma: lolote katika hayo halingoji asubuhi.

Mwongozo wa nchi yetu humtaka mzazi aonwe ndani ya saa 48, kisha kati ya siku ya 3 na ya 7, kisha kati ya ya 8 na ya 28, na tena kati ya ya 29 na ya 42. Mahudhurio haya ya mwisho hukaribiana na chanjo ya mtoto ya wiki ya sita, na wengi humfikisha mtoto, akapimwa, akachomwa sindano, mama asiguswe. Aombe naye apimwe msukumo wa damu, wingi wa damu na mshono wake. Alale chali ainue kichwa, mhudumu apapase kama misuli ya tumbo imeachana. Aulize juu ya kupanga uzazi, kwa kuwa mwili hutaka walau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Na kama mkojo humtoka, aseme wazi, maana tiba ipo.